Mbao za Twyla

Septemba kumi na tano, alfajiri ya Arizona,
nalipa ada ya msimu, nabandika stika kwenye kioo cha mbele,
na kwa miezi saba jangwa linanitambua:
si mwizi, si mzururaji,
ni mtu mwenye kibali cha kukaa mahali pasipo kitu.

Miaka thelathini na mmoja nilisambaza barua Duluth.
Nilizijua nyumba kwa namba zake na mbwa zake.
Leo mimi ndiye nisiye na namba.
Anwani yangu ni hii:
pita tangi la maji, hesabu madungusi marefu mawili,
la pili limevunjika mkono;
kata kushoto ukiona gari jeupe lenye kutu magotini.

Hapa tunajuana kwa magari kwanza, majina baadaye.
Orrin ana basi la shule alilolipaka rangi ya maharage.
Delphine ana kasuku mwenye neno moja tu,
na neno lenyewe halifai.
Twyla alikuwa akitutangulia sote.
Muuguzi wa zamu ya usiku, kutoka Nebraska;
magoti yalimstaafisha kabla ya serikali.

Alikuwa na mbao mbili za mwaloni.
Alizilaza chini ya magurudumu ya kushoto,
kisha akaweka bilauri ya maji juu ya jiko
na kuitazama kama anayepima homa.
"Kitanda kikiinama," alisema,
"ndoto humwagika zote upande mmoja."

Aprili, tukifungasha, akaniachia.
"Nitunzie. Zinagongana nikipanda milima."

Oktoba hakuja.
Novemba simu yake ikawa sauti ya mashine.
Jangwa lina adabu zake:
mtu akifika humuulizi atokako,
asipofika humuulizi alikokwenda.
Tukazungumza juu ya betri, paneli za jua,
bei ya gesi.
Nami kila Jumatatu nikafagia duara lake la mawe
kwa tawi la kreosoti.

Askari wa hifadhi, kijana Benally, akasimamisha gari.
"Mzee, hapa pana nani?"
"Pana Twyla."
Akaitazama changarawe tupu kwa muda.
"Ardhi ya umma haiwekewi akiba," akasema,
taratibu, kama daktari anayesoma majibu
ambayo mgonjwa ameshayajua.

Januari ilinyesha usiku kucha.
Kulipokucha, vichaka vilinukia ile harufu
isiyouzwa dukani,
na ndani ya duara palikuwa na gari la bluu,
taa moja imekufa,
limeinama kushoto kama mlevi anayesikiliza siri.

Nilitoka na maneno yangu tayari.
Nilikuwa nimeyanoa tangu Oktoba.
Mlango ukavutwa. Msichana, macho mekundu ya barabara,
na nyuma yake godoro,
na juu ya godoro mtoto, amelala fofofo,
ameteleza hadi kona ya chini
kama barua ya mwisho kwenye mkoba.

Nyumba njema si mlango, walisema wa kale.
Huu mlango ulikuwa na bawaba mbovu,
na yote ya ndani niliyaona kwa mara moja.

Nikageuka bila salamu.
Alidhani nimekasirika; labda nilikuwa nimekasirika.
Nikarudi na mbao mbili kwapani.

"Sogea mbele. Kidogo. Kidogo tena. Basi."

Anaitwa Marisela. Sikumuuliza mengine.
Nikaomba bilauri; hakuwa nayo,
akanipa kikombe cha mtoto, cha plastiki, chenye picha ya bata.
Tukakijaza, tukakiweka juu ya jiko,
tukainama wawili, vichwa vikikaribia kugusana.
Maji yakatikisika.
Yakatikisika.
Yakatulia.

"Mbao za nani?" akauliza.

"Za jirani yako," nikasema.
"Akija, mtapangana."